Matokeo Husomwa Kutoka Chini

Wateja wapya walikuwa wakishtuka kidogo Fundi Bubu alipofungua mdomo. Mtu ameelekezwa, "Nenda kwa Bubu, yule wa vioo, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta." Basi anafika na ishara zake tayari, anachora upana wa dirisha hewani kwa mikono miwili, na fundi anamjibu kwa sauti nzito ya kawaida, "Karibu, ndugu. Dirisha la chumbani au la sebuleni?" Wengi walicheka. Yeye naye alicheka nao, maana jina la utani ukilipinga kila siku ndipo linapozidi kunata.

Jina lilitoka shuleni. Kila asubuhi mwalimu wa hesabu alipita katikati ya madawati na rula ya mbao. Akikugusa bega, anakutupia swali, nawe ujibu kabla rula haijanyanyuka. Mtoto yule hesabu alikuwa anazijua. Nyumbani ndiye aliyemwambia mama yake kitambaa kiasi gani kingetosha mapazia ya nyumba nzima, na hakikupungua wala kuzidi. Lakini rula ilipotua begani, kila kilichokuwa kichwani kiliruka kama ndege waliorushiwa jiwe. Ulimi uligandamana na kaakaa. Jibu lilirudi baadaye, likiwa limetimia na limenyooka, wakati rula imekwisha kufika dawati la nyuma na yeye amesimamishwa ukutani.

Tena alikuwa na ila nyingine. Aliulizwa siku moja: watu watano wanachimba shimo kwa siku kumi, je, watu kumi watalichimba kwa siku ngapi? Watoto wote walipaza sauti. Yeye akabaki anafikiria shimo lenyewe lina upana gani, na kama watu kumi wataenea humo ndani bila kukatana majembe. Mwalimu aliuita huo ukaidi. Wenzake wakamwita Bubu. Kabla ya mtihani wa mwisho aliacha kwenda, mjomba wake akamchukua karakanani, na huko akakutana na kioo, kitu ambacho ukikifanyia pupa kinakukata, na ukikipa nafasi kinakutii. Mikono yake ikatulia. Akawa fundi.

Alioa muuguzi, mwanamke aliyekuwa hakosi nafasi za juu tangu darasa la kwanza mpaka chuo. Mungu akawapa binti mmoja, aliyezaliwa mdogo mno hata bibi yake akasema, "Mbona mmeniletea nukta?" Jina likabaki hilo.

Nukta alianza kuongea mapema, na maneno yake mengi yalikuwa maswali. Kwa nini bomba linagonga maji yakifungwa? Kwa nini kivuli cha mkono ulio mbali na ukuta kina ukungu pembeni na cha ulio karibu hakina? Alipokuwa akicheza drafti na bibi yake, alikaa kimya mpaka bibi akasinzia, kisha akasogeza kete moja na mchezo ukawa umekwisha. "Huyu ana akili za kizee," bibi alilalamika, akipanga kete upya.

Shuleni alikuwa wa mwisho. Alikuwa wa mwisho kabisa, au wa pili kutoka mwisho iwapo kuna mtoto aliyeugua.

Mama yake hakulielewa jambo hilo hata kidogo. "Ni uvivu," alisema. "Nyumbani maneno kama redio, darasani hakuna kitu. Atasoma jioni, na Jumamosi vilevile." Nukta alisoma jioni na Jumamosi, na alama zikashuka. Walimu walipoita wazazi, fundi kila mara alikuwa na kazi: kuna mteja, kuna kioo cha mlango wa benki, kuna mgongo unauma. Mkewe alienda peke yake, akarudi na uso umekunjamana. Hakujua kwamba mumewe alikwisha kufika mpaka kwenye geti lile zaidi ya mara moja, akasikia kengele, tumbo likamchafuka, akageuza baiskeli.

Akiwa peke yake karakanani alijiambia kwamba ni yeye aliyemrithisha mtoto ugonjwa huu. Alimwangalia Nukta asubuhi akivaa soksi polepole, uso umekauka, mkono mmoja umeshika tumbo, naye akajua maumivu yale yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Alimfungia kamba za viatu, akamwangalia akiondoka na mama yake, akabaki anaogopa mpaka saa ya kutoka.

Siku yenyewe alikuwa juu ya ngazi, anapima dirisha la zahanati moja ya binafsi, simu ilipoita. Namba hakuijua.

"Baba Nukta?" Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, anahema. "Mimi ni mwalimu wake wa darasa. Mama Nukta hapatikani. Nukta yuko nyumbani?"

"Yuko shuleni," fundi alisema.

"Hayupo, Baba Nukta. Tunamtafuta tangu mapumziko. Tafadhali njoo."

Alishuka ngazi bila kuhisi vipandio. Mkewe siku zile alikuwa chumba cha upasuaji, ambamo simu haziruhusiwi. Alipanda baiskeli, na njiani kote alijisikia akisema jambo moja kwa sauti, "Yupo, yupo, yupo," kana kwamba akinyamaza hatakuwepo.

Getini mlinzi alimfungulia bila kuuliza. Hilo lilimtisha kuliko kama angemzuia. Harufu ikampiga palepale, chaki na vumbi la uwanja na jasho la watoto wengi, naye, mtu mzima mwenye mvi, akajiona mtoto tena. Mwalimu wa darasa alimpokea akitembea kwa haraka. Alikuwa binti mdogo, macho mekundu. Alieleza wakiwa wanazunguka jengo. Ilikuwa siku ya kusoma matokeo ya jaribio. Nukta aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Hakurudi.

"Na sweta lake tumelikuta nyuma," mwalimu alisema, akielekeza kidole. "Kule kwenye uzio."

Nyuma ya shule palikuwa na kiwanja ambacho kampuni moja ilichimba msingi wa jengo na kukiacha. Mvua zilijaza shimo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na wanaume wawili waliovua viatu walikuwa wanayachokoa kwa miti mirefu, polepole, kwa uangalifu ambao ungeutumia tu kama unatafuta kitu ambacho hutaki kukigusa. Juu ya waya wa uzio sweta la buluu lilining'inia kwa mkono mmoja.

Fundi alisimama ukingoni. Kila mti ulipoingia majini moyo wake uliingia nao.

Mwalimu mkuu alikuja na simu mkononi, mtu mnene aliyelowa jasho. "Wewe ndiye baba? Haya, tusaidie. Mtoto akikasirika huwa anakimbilia wapi? Ana rafiki? Ana shangazi karibu? Sema upesi, mzee, kila dakika ina maana."

Fundi alifungua mdomo. Alijua anapokimbilia Nukta. Alijua anavyopenda sehemu ndogo, na kelele zikizidi huingia nyuma ya kabati, na akiogopa hatembei mbali, hujikunja. Yote hayo alikuwa nayo asubuhi ile ile. Sasa macho ya watu yalimgeukia, mwalimu mkuu akasema tena, "Upesi," na kila kitu kikaruka. Kichwa kikawa cheupe. Ulimi ukaganda mahali pake pa zamani. Alisikia jasho jembamba likishuka mgongoni, akaona midomo ya mwalimu mkuu ikiendelea kucheza, na hakuweza kutoa hata jina la mtaa anaoishi.

"Sasa naona mtoto kautoa wapi uzito wa kichwa," mwalimu mkuu alimwambia mtu wa pembeni, si kwa sauti ya chini sana.

Fundi aligeuka akaondoka. Hakujua anakwenda wapi, alijua tu kwamba akiendelea kuyatazama yale maji atajitupa ndani. Mwalimu kijana alimfuata. Walipofika kwenye kivuli cha jengo, mwalimu akasimama mbele yake, na badala ya kuuliza, akakaa tu kwenye ngazi za darasa, akajishika kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Matokeo husomwa kutoka chini. Nilikuta wanafanya hivyo, nami nikafanya. Wa mwisho anasimama mbele mpaka jina la kwanza lisomwe. Nilimwona akiangalia karatasi mkononi mwangu. Niliona kwamba anaogopa, nikasema aogope tu, labda atajitahidi."

Fundi alikaa kando yake. Hapakuwa na mtu anayedai jibu. Pumzi ikaanza kumrudia, na nyuma ya pumzi yakaja maneno, moja moja.

"Hakwenda majini," alisema mwishowe. "Anaogopa uwazi. Akiogopa anatafuta mahali pamefunikwa. Nyuma ya kitu. Chini ya kitu."

"Tumeangalia chini ya kila kitu. Vyoo, jiko, chini ya jukwaa."

"Huwa anazungumza nini, hapa?"

Mwalimu alifikiri. "Hazungumzi. Anauliza tu, tena katikati ya somo jingine. Juzi tulikuwa kwenye sarufi, akanyoosha mkono, nikadhani leo kumekucha. Akauliza dari inashikiliwa na nini, mbona haina nguzo. Nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani." Kisha akainua uso taratibu, akatazama juu, na rangi ikamtoka. "Baba Nukta. Stoo."

Stoo ilikuwa mwisho wa korido, chumba cha madawati mabovu yaliyorundikwa mpaka juu. Kwenye dari, juu kabisa ya rundo, kulikuwa na tundu la mraba la kupitia mafundi wa umeme. Kifuniko chake kilikuwa kimesogezwa pembeni.

Fundi alipanda rundo lile, madawati yakilia chini yake, akaingiza kichwa. Joto lilimpiga kama la tanuri. Mabati yalikuwa yamechomwa na jua la mchana, na mwanga uliingia kwa matundu ya misumari kama sindano. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaona soksi nyeupe, mbali, juu ya chumba cha pili au cha tatu kutoka stoo. Nukta alikuwa amelala kifudifudi, amekumbatia boriti kwa mikono na miguu. Kando yake ubao wa dari ulikuwa umepasuka na kubonyea.

Alielewa kila kitu mara moja, na hofu aliyokuwa nayo kule shimoni ikaonekana kama mchezo. Kati ya boriti na boriti palikuwa na ubao mwembamba tu, ule unaovunjika kama biskuti. Chini yake sakafu ya saruji. Yeye mwenyewe kwa uzito wake asingeweza kwenda hata hatua moja. Na mtoto alikuwa humo tangu mapumziko, anasikia jina lake likiitwa uwanja mzima, hawezi kusogea wala kujibu.

Alimwambia mwalimu kwa kunong'ona. Mwalimu alikimbia. Fundi akasikia viti vikisogezwa darasani, na sauti ya mwalimu ikiwaambia watoto waache mikoba yao yote na masweta yao, wavirundike sakafuni, chini ya dari ile, kisha watoke bila kelele. Akasikia nyayo nyingi ndogo zikitoka kimya, kimya ambacho shule ile labda haikuwahi kukisikia.

Mwalimu mkuu alifika chini ya rundo. "Mwambie ashuke haraka, kabla hajazimia kwa joto!"

"Mwalimu," fundi alisema bila kugeuka, "naomba unyamaze." Hakujua ametoa wapi ujasiri huo. Na mwalimu mkuu akanyamaza.

"Nukta," alisema. "Ni baba. Usinijibu. Kama unanisikia, gonga mti mara moja."

Ilipita muda. Kisha, tok.

Alitamani kumwambia mambo mengi: shika hapa, pitisha mguu pale, njoo kwa baba. Yote yalimfika kwenye meno. Akayameza. Alijua mtu akiwa katika hali ile kila neno ni rula begani. Basi akakaa, mikono imeshika ukingo wa tundu, jasho likimwingia machoni, na akangoja. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama kungoja kule. Kila sekunde alimwona akianguka.

Sauti ikaja, nyembamba, imekauka. "Baba. Wameshafika kwangu?"

"Wapi?"

"Kwenye majina."

"Hawasomi tena. Wameacha."

"Siwezi kurudi nilikopitia," alisema baadaye. "Pamepasuka. Lakini misumari inaonyesha mti ulipo. Huu mti unakwenda mpaka ukutani. Ukuta ni wa matofali. Nikifika ukutani kuna mti mnene unakuja huko kwako."

Fundi alitazama. Njia aliyoitaja ilikuwa ndefu mara mbili, inazunguka gizani upande ambao yeye hakuona vizuri. Moyo ulimwambia akatae. Njia fupi alikuwa anaiona kwa macho yake, hatua chache tu. Lakini aliangalia tena ubao uliobonyea, akamkumbuka bibi anayesinzia mbele ya drafti.

"Una hakika na huo mti wa ukutani?"

"Nimeutazama muda wote niliokaa hapa."

"Basi fuata unavyoona. Usiharakishe. Mimi sitasema kitu."

Alitambaa kama kinyonga. Alinyoosha mkono, akapapasa misumari, akahamisha goti. Karibu na ukuta goti likateleza, ubao ukavunjika, na kipande kikubwa kikaanguka darasani kwa kishindo. Nje mtoto mmoja alipiga yowe. Mguu wa Nukta ulitoweka mpaka pajani. Fundi alisikia mlio ukitoka kifuani kwake mwenyewe, akauma mkono ili asimwite. Mguu ulining'inia kule chini, kiatu kikaanguka juu ya mikoba. Kisha, polepole mno, mguu ukarudi juu. Mtoto akalala juu ya boriti, akahema, akaendelea.

Alipomfikia, fundi hakumvuta. Alifungua mikono tu, naye akaingia, amelowa, ana vumbi mpaka kwenye kope, paja limechubuka na linatoka damu. Alikuwa anatetemeka, na fundi pia alikuwa anatetemeka, hata madawati yote chini yao yakawa yanagongana.

Sweta, Nukta alieleza, alilisahau uzioni asubuhi alipokuwa akicheza. Mama Nukta alifika alasiri akiwa bado na kofia ya upasuaji kichwani. Alimkagua mtoto mwili mzima, akasafisha paja, akafunga bandeji, mikono yake haikukosea hata kidogo. Kisha akatoka nje ya ofisi, akakaa kwenye benchi la korido, akalia kama mtoto.

"Nilimwambia ni mvivu," alisema fundi alipokaa karibu naye. "Kila siku, Baba Nukta."

"Nami nilimwona anashika tumbo kila siku, sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuja hapa."

Mkewe alimwangalia. Miaka yote hadithi ya Bubu ilikuwa kichekesho walichowasimulia wageni, ile ya shimo na majembe. Sasa aliiona sura ya mumewe ilivyo ndani ya korido ile, na hakucheka.

Ofisini mwalimu mkuu alizungumza kuhusu usalama, na kuhusu shule nyingine ya watoto wazito wa kuelewa. Naye alikuwa na hofu. Ajali ile ingekuwa shingoni mwake. Mwalimu wa darasa alimsikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Mzito hapana, mkuu. Aliacha swali la saba nikamkata alama. Nimelisoma tena leo. Lina majibu mawili." Mwalimu mkuu alisema maswali yanatoka juu, si kwake. Hilo nalo lilikuwa kweli. Darasa lilikuwa na watoto ambao mwalimu hakuweza kuwakumbuka majina yote, na kipindi kilikuwa kifupi, na aliyejibu upesi ndiye aliyesaidia kipindi kiishe.

Nukta hakuhamishwa. Yaliyobadilika yalikuwa machache. Mwalimu yule aliacha kusoma majina. Aliwapa watoto karatasi zao mkononi, zimekunjwa. Wakati wa mapumziko alimruhusu Nukta amjibu maswali ya asubuhi, akiwa anasahihisha madaftari na hamtazami usoni, na mara nyingi majibu yalikuwa sahihi, na mara nyingine yalimfanya aache kusahihisha. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mwingine, akayasoma majina kutoka chini kama zamani. Nukta alisimama mbele. Hakukimbia, lakini nyumbani hakula.

Hakupata kuwa wa kwanza katika shule yoyote. Mitihani yote alitapika kabla ya kuingia, hata ule wa chuo cha ufundi, alikojifunza kuchora ramani za majengo. Baba yake alimsindikiza kwenye kila mmoja. Alisimama nje ya geti na baiskeli yake, akiogopa kuliko mtahiniwa. Wazazi wengine walimsalimu wakapiga soga. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, macho yakiwa mlangoni, na wasiomjua wakadhani ni bubu kweli.